Dinari za Vita vya Ndugu

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingi huvitenga. Fedha ni madini meupe yachimbwayo ardhini, na fedha ni thamani ipitayo mikononi mwa watu sokoni. Mtu asemaye kuwa anakusanya fedha hueleweka upesi, maana hapana kijiji wala mji usio na watu wa namna hiyo. Walakini akiongeza kuwa fedha aikusanyayo haiwezi kununua hata kibaba cha unga, wasikilizaji hutazamana. Mkusanyaji wa sarafu za kale ni mtu wa jinsi hii. Hutoa fedha iliyo hai kununua fedha iliyokufa, na hurudi nyumbani na furaha ya mtu aliyepata faida.

Miongoni mwa wakusanyaji hao wapo waliochagua fungu dogo na gumu, nalo ni dinari za Roma zilizofuliwa katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu Julius Caesar alipovuka mto Rubicon mwezi wa Januari, mwaka 49 kabla ya Kristo, hata Marcus Antonius aliposhindwa baharini karibu na Actium, tarehe 2 Septemba, mwaka 31 K.K. Miaka hiyo ni 18 tu, nayo ni michache kuliko umri wa kijana aingiaye chuo kikuu. Ndani yake jamhuri iliyodumu karne karibu tano ilivunjika, na watu wa lugha moja, sheria moja na ibada moja waliuana katika Italia, Hispania, Ugiriki na Afrika. Jambo la kuuliza ni hili: mtu apendaye amani, asiyeweza kuvumilia hata ugomvi wa majirani wawili, hutafuta nini katika mshahara wa askari waliokuwa wakiua ndugu zao? Swali hilo si la kejeli. Mkusanyaji mwema hujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa na wengine.

Jina la sarafu hiyo si geni katika Afrika ya Mashariki. Warumi waliiita denarius, yaani ya kumi, kwa sababu ilipoanza kufuliwa, karibu na mwaka 211 K.K., wakati wa vita na Hannibal, thamani yake ilikuwa sarafu 10 za shaba. Wayunani walilichukua neno hilo, Waarabu wakalipokea na kulitamka dinari, na Waswahili wakalipata kwa Waarabu. Katika safari hiyo neno lilibadili hata madini, kwani dinari ya Waarabu ilikuwa ya dhahabu, na ile ya Warumi ilikuwa ya fedha. Asomaye Biblia kwa Kiswahili hukutana nayo katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, ambao ujira wao wa kutwa ulikuwa dinari moja. Hata jina la Caesar mwenyewe limo katika lugha, maana ndilo lililozaa neno Kaisari. Basi mkusanyaji asomaye Kiswahili, ashikapo dinari ya Caesar, hushika maneno mawili anayoyajua tangu utoto.

Dinari ya zama hizo ilikuwa na uzito usiofika gramu 4, na upana wake haukuzidi sana ukucha wa kidole gumba. Ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 84. Ujira wa askari, baada ya Caesar kuuongeza, ulikuwa dinari 225 kwa mwaka. Hesabu yake ni rahisi, na kwa urahisi wake inatisha: legioni moja, yaani jeshi kamili la Kirumi, ikiwa na watu 5,000, ilihitaji dinari 1,125,000 kila mwaka, bila ya kutia zawadi walizoahidiwa askari ili wasihamie upande wa pili. Kwa sababu hii kila jemadari aliyetaka kupigana alilazimika kwanza kutafuta fedha, na kila alipoipata aliifua papo hapo na kuitia jina lake. Caesar alipoingia Roma mwaka 49 K.K. alikwenda katika hekalu la Saturnus, ilimowekwa hazina ya umma. Mtetezi mmoja wa watu, jina lake Metellus, alisimama mlangoni kumzuia. Caesar alimtisha kwa kifo, Metellus akaondoka, na mlango ukafunguliwa.

Jinsi sarafu zilivyofanywa huonekana katika sarafu yenyewe. Mwaka 46 K.K. Titus Carisius, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa kufua fedha mjini Roma, alitia upande mmoja kichwa cha Moneta, mungu mke ambaye karibu na hekalu lake fedha zilifuliwa, na ambaye jina lake limewapa Waingereza neno lao la fedha. Upande wa pili alitia vyombo vya kazi, fuawe, koleo na nyundo. Kipande kitupu cha fedha kiliwekwa juu ya muhuri wa chini, muhuri wa pili ukawekwa juu yake, na nyundo ikashuka. Kwa kuwa ni mkono uliopiga, na mkono huchoka, hapana dinari mbili zilizo sawa kabisa. Moja imepigwa kando, nyingine imepasuka ukingoni, na katika nyingine kichwa cha mungu kimekosa utosi. Mkusanyaji mwenye kioo cha kukuzia huweza kuutambua muhuri mmoja katika sarafu mbili zilizotengana kwa bahari, kama mtu atambuavyo mwandiko wa rafiki katika barua mbili.

Sarafu ambayo wengi huanza nayo ni ile ya tembo. Caesar aliifua kwa wingi mkubwa mwanzoni mwa vita kwa ajili ya kulipa jeshi lake. Upande mmoja una vyombo vya kuhani mkuu, maana Caesar alikuwa na cheo hicho. Upande wa pili una tembo akikanyaga kitu ambacho wataalamu wengine hukiita nyoka, na wengine tarumbeta ya vita ya Wagalia. Chini ya miguu ya tembo pana neno moja tu, CAESAR. Mkusanyaji akiendelea kutafuta, hukutana na tembo wa pili. Huyu yumo katika dinari ya Metellus Scipio, adui wa Caesar, iliyofuliwa katika Afrika ya Kaskazini mwaka 47 au 46 K.K. Tembo alikuwa alama ya jamaa yake tangu zamani. Majeshi ya watu hawa wawili yalikutana Thapsus, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mwezi wa Aprili, mwaka 46 K.K. Scipio alishindwa, akafa baharini alipokuwa akikimbia, na Cato, mwenziwe, akajiua huko Utica. Mswahili azipangapo sarafu hizo mbili katika kisanduku kimoja hahitaji mwalimu wa historia ili ajue aseme nini. Wahenga wamekwisha kusema kuwa wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na nyasi hazikutiwa katika sarafu ya upande wowote.

Hapa ndipo mafunzo ya kwanza ya ukusanyaji huu yalipo. Sarafu ni kitu cha kweli kinachoweza kusema uongo. Mwaka 48 K.K., wakati vita vikiwaka, Decimus Brutus alifua dinari kwa upande wa Caesar. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha Pietas, yaani uaminifu wa mtu kwa miungu na jamaa zake. Upande wa pili ulikuwa na mikono miwili iliyoshikana kwa mapatano. Hapana picha iliyo njema kuliko hiyo. Miaka 4 baadaye, tarehe 15 Machi, mwaka 44 K.K., Decimus huyo huyo alikwenda nyumbani kwa Caesar, aliyekuwa akisitasita kutoka siku hiyo, akamshawishi aende barazani, ambako yeye na wenziwe walikuwa wamekusudia kumwua. Fedha ile ya mapatano bado ilikuwa ikitumika sokoni.

Marcus Brutus, mkuu wa njama hiyo, ana habari iliyo chungu zaidi. Alipokuwa kijana, mwaka 54 K.K., alifua dinari zenye kichwa cha Uhuru, na nyingine zenye sura ya babu aliyesemekana kuwafukuza wafalme kutoka Roma. Mwanzoni mwa mwaka 44 K.K. uso wa Caesar ulitiwa katika fedha ya Roma naye yu hai, jambo ambalo Warumi walilihesabu kuwa desturi ya wafalme. Brutus alimwua Caesar kwa jina la uhuru. Kisha, alipokuwa akikusanya majeshi katika nchi za mashariki, alifua dinari yenye uso wake mwenyewe, naye yu hai. Upande wa pili alitia majambia mawili, na kati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini yake maneno ya kutaja siku ile ya Machi. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeishi zaidi ya miaka 200 baadaye, aliitaja sarafu hiyo kitabuni. Mwezi wa Oktoba, mwaka 42 K.K., Brutus alishindwa huko Philippi, akajiua. Ameacha nyuma yake kipande cha fedha ambacho upande mmoja chatangaza kuwa mfalme amekufa, na upande wa pili chaonyesha jinsi ilivyo vigumu kutokuwa mfalme.

Uongo huo haukukoma na jamhuri. Katika vita vingine vya ndugu, zaidi ya miaka 100 baadaye, Otho alitawala kwa muda wa miezi 3 tu katika mwaka 69 baada ya Kristo, kisha akajiua aliposhindwa. Dinari yake mojawapo imeandikwa kuwa kuna amani katika dunia nzima.

Mtu aweza kusema kwamba ikiwa sarafu ni waongo kiasi hiki, mkusanyaji anakusanya uongo. Jibu ni kuwa sarafu ina mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni aliyeifua, naye husema alilotaka liaminiwe. Shahidi wa pili ni wote walioishika baadaye, nao hawakukusudia kusema neno lolote. Wao waliandika kwa vidole vyao, kwa mifuko yao, kwa meza za masoko na kwa udongo. Mchakao wa sarafu ni maandishi yao. Mkusanyaji mchanga hutafuta sarafu zing'aazo, zisizochakaa, kwa kuwa anampenda shahidi wa kwanza. Akikomaa huanza kumpenda wa pili.

Kwa mafunzo hayo hapana sarafu iliyo bora kuliko dinari za legioni za Marcus Antonius. Alizifua mwaka 32 na 31 K.K., alipokuwa akijiandaa pamoja na Cleopatra, malkia wa Misri, kupigana na Octavianus. Upande mmoja una merikebu ya vita yenye makasia. Upande wa pili una tai wa jeshi kati ya bendera mbili, na namba ya legioni. Namba hizo huendelea hata kufika 23. Fedha yake haikuwa safi kama ya wengine. Plinius aliandika kuwa Antonius alichanganya chuma. Vipimo vya siku hizi vimeonyesha kuwa kilichozidi ni shaba. Hila hiyo ilileta matokeo ambayo mwenyewe hakuyatazamia. Watu walipozitambua fedha njema walizificha au kuziyeyusha, na zile za Antonius, kwa kuwa hazikutamanika, wakaziacha ziendelee kutembea. Zilitembea kwa zaidi ya miaka 200. Zimepatikana katika udongo wa Uingereza, nchi ambayo Warumi walianza kuiteka mwaka 43 baada ya Kristo, miaka zaidi ya 70 baada ya Antonius kufa. Jeshi lilishindwa, jemadari na malkia wakajiua, na mshahara wa walioshindwa ukaendelea kununua mkate kwa wajukuu wa vitukuu wa walioshinda.

Dinari nyingi za namna hii leo hazina tena merikebu wala tai wa kuonekana vizuri, na kwa sababu hii mtu wa mapato ya kawaida huweza kuinunua moja. Vidole vimefuta tangazo la Antonius. Hali kadhalika dinari nyingi za zama hizo zina alama ndogo ndogo zilizogongwa juu yake na wavunja fedha, ambao walitaka kujua kama ni fedha hasa au ni shaba iliyovikwa ngozi ya fedha. Walikuwa na haki ya kushuku, maana bandia za namna hiyo zilikuwa nyingi. Katika alama moja ya msumari juu ya shavu la mungu, mkusanyaji huona mtu wa soko asiye na jina akikataa kudanganywa, wakati ambapo wakubwa wote walikuwa wakidanganya.

Mkusanyaji naye hana budi kushuku. Katika karne ya 19 alikuwako Mjerumani aliyeitwa Carl Wilhelm Becker, aliyezaliwa mwaka 1772 na kufa mwaka 1830. Alichonga mihuri kwa mkono wake akafua sarafu za kale zilizo mpya. Ili kuziondolea upya alizitia katika kisanduku pamoja na vumbi la chuma, akakifunga katika gari lake la farasi, na kwenda matembezi mpaka zikachakaa. Mihuri yake imehifadhiwa Berlin. Habari hii huchekesha, walakini ina fundisho. Becker alijua kuwa mchakao ndio unaoaminiwa, akaughushi mchakao. Tangu hapo mkusanyaji hawezi kutegemea jicho peke yake. Anahitaji mizani, anahitaji vitabu kama ule msahafu mkubwa wa sarafu za jamhuri ya Roma uliotolewa na Michael Crawford mwaka 1974, na zaidi ya yote anahitaji kujua sarafu ilipatikana wapi.

Neno hilo, ilipatikana wapi, ndilo lenye uzito kuliko yote. Dinari nyingi za vita vya ndugu hazikupotea moja moja njiani. Zilizikwa. Mwenye nyumba aliposikia kuwa majeshi yanakuja, alitia fedha yake katika chungu, akachimba shimo chini ya sakafu au karibu na mti, akafukia, akakariri mahali moyoni. Wahenga husema akiba haiozi, na kweli haikuoza. Lililooza ni mwenye akiba. Kila chungu kilichofukuliwa katika zama zetu ni ushahidi kuwa aliyekifukia hakurudi kukichukua, aidha kwa kuuawa, au kwa kuchukuliwa jeshini, au kwa kufukuzwa katika ardhi yake. Ndiyo maana akiba zisizochukuliwa huwa nyingi katika miaka ya vita na chache katika miaka ya amani. Mwaka 2009 wataalamu wawili, Peter Turchin na Walter Scheidel, walitumia hesabu ya akiba kama hizo katika Italia ili kupima maafa ya karne ya kwanza kabla ya Kristo, wakahitimisha kuwa idadi ya watu katika miaka hiyo haikukua, bali ilipungua. Vyungu vya watu wasio na majina vimejibu swali ambalo vitabu vya wakubwa vilikuwa vimeliacha katika ubishi.

Lakini chungu hujibu kikiwa kizima tu. Sarafu za chungu kimoja zikihesabiwa pamoja, iliyo changa kuliko zote huonyesha mwaka wa kufukiwa. Mahali huonyesha hofu ilikuwa wapi. Wingi huonyesha kama aliyefukia alikuwa maskini au tajiri. Zikitawanywa, moja ikauzwa huku na nyingine kule, ushahidi wote hufa, na kila sarafu hubaki kama neno moja lililokatwa katika wasia. Kwa sababu hii nchi nyingi zimekataza kuchimba na kuuza kwa siri, na mwaka 1970 mataifa yalifanya mapatano ya UNESCO juu ya mali za kale zinazotoroshwa. Wakatazao si maadui wa elimu. Wanamtetea yule asiyerudi.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 2020, sarafu ya Brutus yenye majambia, si ya fedha bali ndugu yake ya dhahabu, ambayo zilizojulikana ni 3 tu, iliuzwa katika mnada mjini London kwa karibu dola milioni 4.2. Ilikuja na karatasi za kueleza kuwa ilitoka katika mikusanyo ya zamani ya watu waheshimiwa. Karatasi hizo zilikuwa za uongo. Mwezi wa Machi, mwaka 2023, ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan, mjini New York, iliirudisha Ugiriki. Hivyo sarafu ambayo Brutus aliifua kwa kudai kuwa mali ya umma imeponyoka katika mikono ya mtu mmoja, ilirudi kwa umma baada ya kupita katika mikono ya mtu mmoja.

Mkusanyaji mdogo, aliye na dinari 20 au 30 katika kisanduku cha mbao, aweza kuisoma habari hiyo na kufarijika kuwa yeye hana uwezo wa kufanya kosa kubwa kiasi hicho. Faraja hiyo haimfai kitu. Kosa ni lile lile, ila bei ndiyo tofauti. Hufika siku akaonyeshwa kifuko chenye dinari ambazo udongo bado umeshika katika herufi zake, zote za zama moja, bei yake nafuu, na muuzaji hana la kusema juu ya asili yake ila kuwa ni za babu. Mkusanyaji anajua anachokitazama. Ni chungu kilichovunjwa. Basi hoja humjia kwa wingi, nazo zote ni tamu: asipozinunua yeye atazinunua mwingine asiyejua thamani yake, chungu kimekwisha vunjwa na hakiwezi kuungwa, yeye atazitunza, atazisoma, ataziandika. Hoja hizi zina nusu ya ukweli kila moja, na nusu tatu za ukweli hazifanyi ukweli mmoja na nusu. Anunuaye leo ndiye amlipaye mchimbaji wa kesho. Caesar mlangoni pa hazina naye alikuwa na hoja njema.

Tena lipo jaribu dogo kuliko hilo, ambalo halionwi na mtu. Ndani ya kisanduku mna sarafu ambazo mkusanyaji alizinunua katika ujana wake, kabla hajajua kuuliza. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, naye sasa ameanza daftari. Amepima kila sarafu, ameandika namba yake na mwaka wake. Hufika penye sehemu ya asili, kalamu ikasimama. Mstari mmoja tu, kwamba ilitoka katika mkusanyo wa zamani wa Uswisi, ungeongeza bei ya sarafu, ungetuliza roho ya mwenyewe, na ungewaachia warithi mali isiyo na maswali. Hapana atakayeweza kuukanusha. Ni kitendo kile kile cha Becker cha kuitembeza sarafu mpya katika gari la farasi, ila hapa kinachochakazwa si fedha bali ni historia.

Ni katika mstari huo ndipo thamani ya ukusanyaji wote hupimwa. Mtu ameishi miaka mingi na vipande vya fedha vilivyotangaza mapatano yasiyokuwako, uhuru usiokuwako na amani isiyokuwako. Amewacheka Decimus, Brutus na Otho. Sasa yeye ana sarafu mkononi na maneno ya kuchagua, kama wao walivyokuwa nayo. Francesco Petrarca, mshairi wa Italia, aliyekuwa miongoni mwa wakusanyaji wa kwanza wajulikanao, alikutana na mfalme Charles wa Nne huko Mantua mwaka 1354, akampa sarafu za dhahabu na fedha zenye nyuso za makaisari wa Roma, na kumhimiza ajifunze kutokana na watu hao. Petrarca aliamini kuwa nyuso za wakubwa zaweza kumfundisha mkubwa. Huenda ikawa ni kweli. Lakini wakusanyaji wengi si wafalme, na fundisho walipatalo katika dinari za vita vya ndugu ni la kadiri yao: kuwa uongo mkubwa wa majemadari ulianza kwa mtu kuandika juu ya fedha jambo alilotaka liwe, badala ya lililo.

Basi mkusanyaji mwema huandika, mbele ya ile dinari ya Antonius iliyochakaa hata tai amebaki kivuli, kuwa ilinunuliwa mwaka fulani, katika mji fulani, na kuwa ilikotoka kabla ya hapo hakujulikani. Kisha huirudisha mahali pake. Imekwisha pita kwa mlipaji wa jeshi, kwa askari, kwa mwuza mkate, kwa mvunja fedha aliyeigonga msumari, na kwa mtu aliyeifukia usiku akitumaini kurudi. Kwake pia itapita. Atakayeifungua daftari baada yake atakuta pengo katika habari zake, na atajua kuwa pengo hilo ni la kweli.